Wa Nyuma Ndiye Anayesema

Mimi sijui kukaa. Nikikalishwa kwenye kiti, goti linacheza. Nikiambiwa ningoje chai ipoe, nishaungua ulimi. Mama husema nilizaliwa mkunga bado anavua viatu mlangoni, na tangu siku hiyo sijapunguza mwendo. Kwa hiyo asubuhi ile, pale kwenye geti la hifadhi, askari wa zamu alipoanza kutusomea masharti yote yaliyoandikwa kwenye ubao, moja baada ya jingine, mimi nilikuwa nimeshafunga kamba za viatu, nikazifungua, nikazifunga tena.

Askari mwenyewe alikuwa dada mwembamba mwenye kofia pana. Alitueleza kwamba kiangazi kile kilikuwa kikali kuliko kawaida, kwamba vijito vya juu vimekauka, kwamba anayekwenda hadi ziwani abebe maji yake na arudi jua halijazama. Kisha akamtazama baba, akauliza kwa adabu kama mzee naye anafika ziwani au ataishia kwenye kituo cha kupumzikia. Baba akamjibu kwamba yeye ndiye anayetupeleka, hawa watoto ni wasindikizaji tu. Kaka yangu Bonge akacheka. Mimi sikucheka.

Inabidi nieleze kazi yetu, maana bila hiyo hakuna atakayeelewa tulifuata nini mlimani. Sisi tunahamisha watu. Mtu akipata nyumba mpya anatupigia simu, tunakuja na lori letu dogo, mablanketi na mikanda, tunabeba maisha yake yote, kuanzia kitanda hadi ndoo ya kudekia, tunayashusha upande wa pili wa mji. Baba aliianza kazi hii na toroli la kusukuma. Leo tuko watatu: yeye, Bonge ambaye hata mama amesahau kumwita jina lake la kuzaliwa, na mimi. Wateja wapya wakiona mwanamke anashika ncha ya jokofu huwa wanatafuta pa kuweka macho. Wakishaona limefika juu bila mkwaruzo, wananiletea maji ya baridi.

Na kazi yote inasimama juu ya sheria moja. Mkibeba kitu wawili kwenye ngazi, wa mbele hageuki. Ukigeuza shingo, bega linafuata, mzigo unafuata bega, na mwenzako anabanwa ukutani. Wa mbele anatazama mbele tu, basi. Wa nyuma ndiye anayeuona mzigo wote, uzito unamlalia yeye, na yeye ndiye anayesema. Wa mbele anauliza, "Uko?" Wa nyuma anajibu, "Twende." Wa nyuma akisema, "Tua," mnatua palepale, hata kama mmeziba mlango wa mwenye nyumba, na hakuna kuuliza kwa nini. Kama pumzi imemwishia hawezi kusema, anagonga mzigo mara mbili kwa vifundo vya vidole. Kugonga ni sawa na kusema.

Wa nyuma siku zote ni baba. Mimi nimebeba mbele yake tangu nilipomaliza shule. Nikisikia anavyovuta pumzi najua tumebakiza vidato vingi au vichache vya ngazi, na nikisikia harufu ya pipi ya mnanaa najua amekasirika na anajizuia. Mpaka siku ya jokofu nilidhani hakuna kitu cha baba nisichokijua.

Siku hiyo tulikuwa tunawahamishia wenzi vijana wenye mtoto mchanga kwenye jengo lisilo na lifti. Jokofu lilikuwa la milango miwili. Tulipofika kati ya ghorofa na ghorofa nikasikia vidole vinagonga bati: mara mbili. Nilidhani nimesikia vibaya, kwa sababu tangu nianze kubeba naye baba hakuwahi kugonga. Magoti yakakunjika yenyewe, tukatua. Nikasimama nimetazama ukuta wa rangi ya kijani, nikisubiri, na mimi na kusubiri hatupatani. Mwishowe nikageuka. Baba alikuwa ameketi kwenye kidato, shavu limeegemea mlango wa jokofu, midomo imekuwa na rangi ya jivu, mkono mmoja umeshika bega la kushoto. Yule mama kijana akashuka mbio na glasi ya maji. Baba akanywa, akafuta mdomo, akamsifia jokofu lake kwamba ni imara, alitunze. Kisha akasimama akasema, "Twende."

Nyumbani kwetu sebuleni kumejaa vitu ambavyo wateja walivikataa: makochi mawili yasiyofanana, kioo kirefu kuliko mlango, saa tatu za ukutani ambazo kila moja ina maoni yake. Humo ndimo tuligombana. Nilimwambia baba aende hospitali, kisha abaki nyumbani apokee simu za wateja, kazi ya kubeba atuachie. Akasema lilikuwa joto tu. Nikamkumbusha kwamba aligonga. Akanitazama usoni, akasema hakugonga. Vidole viliteleza alipokuwa anabadilisha mkono. Bonge akatazama dari. Mama akapiga kimya, na kwetu kimya cha mama ni kibaya kuliko kelele zangu.

Tulivutana hivyo wiki kadhaa. Kila nikiingia sebuleni naanza, kila nikianza baba anatoa pipi. Mpaka jioni moja akaja na wazo lake. Katika hifadhi ya mlima kuna ziwa, aliwahi kulifikia ujanani na wenzake. Jumapili twende sisi watatu, kwa miguu, yeye nyuma kama kawaida. Akifika ziwani bila kusema tua, hakuna mtu atakayefungua mdomo tena kuhusu jokofu maisha yake yote. Akisema tua popote njiani, kesho yake ananikabidhi funguo za lori na anakwenda hospitali bila kusukumwa.

Nilikubali kwa hasira, kabla hajamaliza sentensi. Baadaye usiku ndipo nilipoona nimefanya nini, lakini kurudi nyuma nilishindwa, na yeye hali kadhalika. Mama alisema mimi na baba tumekatwa kwenye kitambaa kimoja na fundi mmoja mlevi. Akatufungia mkate na mayai ya kuchemsha, akatujazia chupa za maji, akasema tukimrudisha mume wake amebebwa, tusijisumbue kupita mlango ule.

Nilikuwa na mpango wangu, na haukuwa mzuri. Nilipanga kukaza mwendo tangu getini, ili baba ashindwe mapema, tukiwa bado karibu na gari na watu. Nilijiambia ni huruma hiyo. Nusu yake ilikuwa huruma kweli.

Tukapita geti, tukaingia msituni: mimi mbele, Bonge katikati, baba nyuma. Njia ilikuwa nyembamba, imejaa vijiti vya misonobari vilivyokauka mpaka vinavunjika chini ya kiatu, na hata kivulini hewa ilikuwa ya moto, inanukia utomvu. Inzi walinizunguka masikio. Baba alikuwa na fimbo yake, ambayo hasa ilikuwa bomba la pazia lililoachwa na mteja mmoja, lina kitufe cha shaba kichwani. Nyuma yangu nililisikia likigusa mawe: ko, ko, ko. Nilitembea kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Watu tuliowapita walitusalimia, mume na mke waliokuwa wanapanda chini ya mwavuli mmoja wakatupisha, mimi nikawajibu bila kusimama.

"Tua," sauti ikasema.

Nikasimama palepale, macho mbele. Nimeshinda, nilijiambia, na geti haliko mbali. Kisha nikatambua sauti ilikuwa ya Bonge.

Alikuwa ameshafika kwenye benchi la kituo cha kupumzikia, nililolipita mimi bila kulitazama, na kujimwaga juu yake. Viatu alivyonunua kwa safari hii vilikuwa vimemchuna visigino vyote viwili. Akatangaza kwamba yeye hapo ndipo ziwani kwake, na kwamba mfuko wa chakula ataulinda yeye. Baba akamwambia alilishwa bure miaka yote, akacheka mpaka akakohoa. Kikohozi kikachelewa kuisha. Wakati baba amegeuka kunywa maji, Bonge akanishika mkono akanivuta karibu.

"Dada, punguza mwendo. Unamkimbiza mzee."

Nikamjibu kwamba hilo ndilo ninalolitaka. Bonge ni mtu wa mzaha, hana neno lisilo na kicheko ndani yake, lakini safari hii alinitazama tu kisha akaachia mkono wangu.

Tukaendelea wawili. Baada ya benchi miti ilianza kupungua, halafu ikaisha, ikabaki miamba na majani makavu na jua lenyewe. Njia ilipanda kwa kujipinda. Mawe yalirudisha joto usoni kama mlango wa tanuri. Nilikuwa na kiu na sikutaka kusimama kunywa. Nilikuwa nimechoka na miguu haikutaka kujua. Nikauliza, "Uko?" Nyuma ikajibu, "Twende." Nikapita kona, nikauliza tena. "Twende." Kila jibu lilikuja fupi kuliko lililopita, hadi likawa pumzi tu yenye umbo la neno. Na kila lilipofupika, badala ya kupunguza, nilikaza. Damu ilinichemka. Nilimwona jinsi alivyo: mtu aliye tayari kufia juu ya jiwe kuliko kutoa neno moja mdomoni.

Ndipo nikasikia: ko-ko.

Kitufe cha shaba juu ya jiwe, mara mbili, halafu kimya. Halafu tena: ko-ko.

Haikuwa fimbo ya mtu anayetembea, na nilijua. Mwili ulijua kabla yangu, magoti yalikunjika nusu kama yanatua kitu. Lakini nikayanyoosha. Nilikumbuka sebuleni, nikakumbuka alivyonitazama machoni akasema vidole viliteleza. Kesho angesema fimbo iliteleza. Safari hii nilitaka neno, neno ambalo hata yeye asingeweza kuligeuza. Sema, nilimwambia moyoni. Sema kwa mdomo wako. Nikapiga hatua, nikapiga nyingine, na nyuma yangu fimbo haikulia tena.

Nilitembea mpaka penye kona ya mwisho. Hapo mwamba ukafunguka, ziwa likatokea, dogo, la kijani, limejikunyata kati ya mawe. Nilikuwa nimelifikiria siku zote zile kama kitu kikubwa.

"Uko?" niliuliza.

Upepo ulipita kwenye majani. Nikauliza tena, kwa sauti zaidi, na bado nilikuwa natazama ziwa, kwa sababu shingo iliyozoeshwa miaka yote hiyo haigeuki kirahisi. Nililazimika kuzungusha mwili mzima, miguu kwanza. Njia nyuma yangu ilikuwa tupu hadi inapojificha.

Sijawahi kuogopa hivyo. Nilishuka mbio, mawe yakiteleza chini ya viatu, nikijigonga mikono kwenye miamba, namwita baba kama mtoto aliyepotea sokoni. Mawazoni nilimwona mama mlangoni. Niliona makochi yetu mawili na nafasi ya baba kwenye lile la bluu. Kila kona niliyopita bila kumkuta nilijichukia upya.

Alikuwa ameketi chini ya mwamba, kwenye ukanda wa kivuli usiotosha hata miguu yake. Shati limefunguliwa vifungo, fimbo imelala mapajani, macho yamefungwa, midomo ileile ya rangi ya jivu. Nikapiga magoti. Akafungua macho, akaniona, akafumba tena. Nilimpa maji kidogo kidogo, nikavua kitambaa changu cha kichwani nikakilowesha nikamwekea shingoni. Nilitaka kukimbia kumwita askari lakini baba alinishika kifundo cha mkono, na nguvu za mkono ule zilikuwa chache mno nikaona aibu kuzishinda. Nikakaa. Simu haikushika mtandao. Wale mume na mke wa mwavuli wakatukuta hapo wakiwa bado wanapanda; hawakuhitaji kuelezwa mara mbili. Walituachia mwavuli wao na chupa ya maji, wakageuza kushuka kumwita askari na kumwambia Bonge.

Tulibaki chini ya mwavuli wa watu. Nilimsikiliza baba akivuta pumzi, nikingoja ile ninayoifahamu irudi. Ilirudi polepole. Midomo ikaanza kupata rangi.

"Niligonga," alisema.

"Nilisikia."

Akafungua macho. Ningeweza kusema nilidhani ni fimbo tu, na angeniamini, maana njia yote ilikuwa inalia hivyohivyo. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo wa nyumba yetu, wake na wangu.

"Nilisikia, baba. Nilitaka useme."

Nilimngojea akasirike, nilitamani akasirike. Alitia mkono mfukoni nikadhani anatafuta pipi, kumbe anatafuta leso tu, akafuta uso.

"Tangu nianze kazi hii," alisema, "hakuna mtu aliyewahi kuendelea nimegonga."

Hakusema kwa lawama. Alisema kama anavyomwambia mteja kwamba mguu wa meza ulikuwa umevunjika kabla, na hilo liliniuma kuliko kofi. Nikalia. Nililia kwa sauti, mimi ambaye nimeangukiwa na kabati mguuni nikamalizia kazi. Baba akanipiga piga mgongoni kama ninakohoa.

"Na lile jokofu pia," alisema baadaye. "Niligonga."

Nikamwambia nilijua. Akasema alijua kwamba najua. Kisha akauliza kama nilifika ziwani, nikamwambia nililiona, dogo tu. Akatikisa kichwa, akasema hata zamani lilikuwa dogo, wao ndio walilikuza walipofika nyumbani.

Jua lilikuwa limehama na kivuli cha mwamba kikaisha kabisa; mwavuli peke yake haukutosha. Miti ilionekana pale chini, si mbali, na askari angetukuta huko kwa urahisi. Baba akasema anaweza kushuka mpaka mitini akienda taratibu. Nikamwinua. Kisha, kwa mazoea tu, nikakamata mwavuli nikatangulia, nikasimama mbele njiani nimetazama bonde, nikingoja aseme twende.

Hakusema. Nilisikia viatu vyake vinasugua mawe, vinakuja. Akanipita ubavuni. Akasimama mbele yangu, akajiweka sawa, akashika fimbo, akatazama chini njia inakokwenda.

Nilichelewa kuelewa. Katika maisha yangu yote ya kazi baba hakuwahi kusimama hapo. Na mimi, niliyemzoea kwa pumzi na kwa harufu na kwa sauti, sikuwahi kumwona baba yangu akitembea nikiwa nyuma yake. Shati lilikuwa limegandamana mgongoni kwa jasho. Karibu na kola kulikuwa na kiraka ambacho mama alikishona kwa uzi usiolingana rangi. Bega la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto, chini sana, na mtu yeyote aliyewahi kutembea nyuma yake angeliona siku ya kwanza.

"Uko?" aliuliza, bila kugeuka.

Nikajiweka sawa nyuma yake.

"Twende," nikasema.

Tukashuka. Nilimwekea mwavuli juu ya kichwa kwa mkono ulionyooka, na sikuhisi mkono. Mimi nisiyejua kukaa nilitembea kwa mwendo wa mzee, nikiangalia kisigino chake kinavyotafuta jiwe, kinavyolipata, kinavyolikanyaga. Nikaangalia shingo. Nikaangalia lile bega. Mara mbili aliuliza, mara mbili nikamjibu, na kila nikijibu niliogopa, kwa sababu sasa neno lilikuwa langu na yeye angelifuata popote.

Miti ilikuwa imekaribia kiasi cha kusikia ndege ndani yake. Mbali chini nilisikia sauti ya Bonge ikituita, amepanda na visigino vyake vilivyochunika, na sauti ya askari ikimjibu. Zilibaki hatua chache tu tuingie kivulini. Lakini bega la kulia lilikuwa limeanza kutetemeka, kidogo, na vidole vilivyoshika fimbo vilikuwa vimekaza mpaka vimepauka. Baba alikuwa anaendelea. Asingesema yeye, wa mbele hasemi.

"Tua," nikasema.

Akalaza fimbo chini palepale katikati ya njia, juani, akaketi juu ya mawe, na hakuniuliza kwa nini.